Uwanjani Hakuna Ami

Makocha vijana wa klabu mmeniomba nikuachieni kwa maandishi kile mnachokiita elimu yangu ya Wajapani. Mmezoea kunitania nacho. Kila timu yao ya taifa inapocheza mnanipigia simu kabla mpira haujaanza: "Haya Kocha, leo tumtazame nani?" Nami nakutajieni beki, kamwe si mfungaji, nanyi mnacheka. Sasa nimestaafu. Magoti hayataki tena kuinama kuokota koni, na asubuhi zangu zote nazimaliza mbele ya dirisha lisilotazama kiwanja chochote. Nitaandika. Lakini msisome mkitarajia mazoezi ya kunakili. Katika kazi hii nilitaka jambo moja tu: kuiachia klabu beki mmoja, mmoja tu, wa aina ile ninayoijua. Naondoka bila kumwacha. Nilimwona kwa jioni moja, na sasa sina hakika kama ilikuwa kheri kumwona.

Siku yangu ya kwanza pale Wattaya, mtaa wa klabu yetu huku kwa Waarabu, ilikuwa ya joto la kutia kichefuchefu. Kiwanja chetu kilikuwa nyuma ya maduka ya magari, na jua la alasiri lilipiga vioo vya magari mapya likaturudia usoni. Kocha mkuu wa wakati ule aliwagawa wachezaji kama watu wanavyogawana nyama: washambuliaji akajichukulia yeye, viungo akampa msaidizi wake, makipa wakaenda kwa mwalimu wao. Waliobaki walikuwa wamesimama karibu na bomba la maji, warefu, wamekunja mikono. "Hawa wako," akaniambia. "Wafundishe wasitutie aibu." Maelekezo mengine kuhusu kazi yangu sikuwahi kupewa mpaka nilipostaafu.

Niliwauliza wale mabeki kazi yao ni nini. Mmoja akanijibu, "Kuondosha mpira, Kocha." Kuupeleka wapi? "Popote." Na kweli, mipira yetu ya siku zile iliangukia popote, hasa kwenye maegesho ya magari, na mlinzi wa duka moja alikuwa akituwekea kwenye ndoo ya plastiki, kwa hasira, kama mtu anayewekea majirani takataka zao.

Vyombo vyangu vilikuwa vichache: filimbi, koni, fulana za rangi mbili, na kamba. Kamba ndiyo niliyoipenda. Niliwafunga mabeki wanne kiunoni kwa kamba moja ndefu ili wapande pamoja na kurudi pamoja, kama pazia linalovutwa. Mwanzoni alianguka mmoja, wakaanguka wote. Mmoja wao, akiwa bado amelala kwenye majani, aliniuliza kwa adabu kabisa kama mbuzi nao hufundishwa hivi. Lakini baada ya muda walijifunza kusogea, na nilipoifungua ile kamba waliendelea kusogea kana kwamba bado wamefungwa. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikidhani nimeshaijua kazi.

Ndipo alipotokea Bwana Horiuchi. Alikuwa fundi wa magari, Mjapani, aliyeletwa na duka la jirani kuwafundisha mafundi wa hapa. Akimaliza kazi alikuja kusimama kwenye uzio wetu na sare yake ya buluu, mikono nyuma, asiseme kitu. Kiarabu chake kilikuwa cha gereji: majina ya vyuma yote anayajua, vitendo vichache. Maneno yake nayaandika hapa kwa Kiswahili, ingawa yeye aliyasema kwa vipande vya lugha tatu na kwa vidole.

Siku aliyonisemesha aliniuliza, "Beki wako anatazama nini?"

"Mpira," nikamwambia.

"Ndiyo maana anachelewa."

Alinialika kwake. Alikuwa na chumba kimoja kisafi mno, televisheni, na kanda za mechi za timu ya taifa lao. Alikata kipande cha boksi la vipuri, akakiegemeza kwenye kioo cha televisheni, akawa anakisogeza kufuata mpira ili nisiuone. Nilichoachiwa ni beki wa Japani peke yake, na kwa macho ya mjinga kama mimi, ni mtu asiye na kazi. Nikaudhika. Horiuchi akanimiminia chai akaniambia nivumilie.

Basi nikamwona. Niliiona shingo yake ikigeuka, bega la kushoto, bega la kulia, tena kushoto, kama mtu anayevuka barabara isiyokwisha. Miguu haikutulia, hatua zake zilikuwa fupi fupi, za mtu anayetembea juu ya sakafu yenye mtoto aliyelala. Mwili haukuelekea mpira wala haukuelekea lango lake, ulikaa nusu kwa nusu, kama mlango ulioachwa wazi kidogo. Na mpira ulipochomoza nyuma ya lile boksi, yeye alikuwa keshafika. Hakuruka, hakuteleza, bukta yake haikuingia vumbi. Aliupokea kama anayepokea kikombe, akampa mwenzake wa mbele, akarudi kuwa mtu asiye na kazi.

Hapo ndipo maisha yangu yalipoharibika. Tangu jioni ile sikuweza tena kutazama mpira kama watu wengine wanavyoutazama.

Horiuchi alinieleza kwamba mabeki wao wa zamani walikuwa wafupi mbele ya washambuliaji wa dunia, na mfupi akisubiri mpira ufike amekwisha, kwa hiyo walijifunza kuwahi. Siku hizi wanao warefu, wanaocheza Ulaya wiki hadi wiki, lakini ile tabia ya kuwahi wameibakisha, na mnaiona wenyewe. Beki mkubwa, kwa maoni yake na sasa kwa maoni yangu, ni yule ambaye mechi ikimalizika hukumbuki alifanya nini. Anaupitisha mpira mbele badala ya kuutupa. Akifungwa haangalii angani kutafuta wa kumlaumu. Haya yote nimewafundisha vijana wengi, na yanafundishika.

Lililobaki halikufundishika. Horiuchi alilisema siku moja akiwa anaosha vikombe, mgongo umenielekea.

"Kuna kitu televisheni haionyeshi. Mdomo."

Akanisimulia. Ujanani mwake alicheza beki wa kati katika timu ya kiwanda, na beki mwenzake alikuwa msimamizi wake wa kazi. Kwao mkubwa hatajwi jina tupu, jina hutiwa heshima mwishoni. Mechi moja mpira ulikuja mrefu, akauona, akafungua mdomo kumwita mwenzake. "Nilipomaliza heshima," akasema, "mpira ulikuwa wavuni." Hakucheka. Akasema kwao walichelewa kulijua hilo, kwamba beki mkubwa ndiye anayewaongoza wenzake kwa sauti, na sauti haina muda wa heshima. Wachezaji wao wakubwa walipoanza kuitana majina matupu uwanjani, wazee wengine waliona haya.

"Uwanjani hakuna mkubwa," akasema.

Mimi nilicheka. Nilidhani ni matatizo ya Wajapani.

Alirudi kwao mkataba wake ulipokwisha. Tuliandikiana mwaka hadi mwaka, salamu na majina ya mabeki wapya, mpaka mwaka mmoja majibu yakakoma. Sikuwa na mtu wa kumuuliza.

Mabeki wangu wakaja wakapita. Mmoja alikuwa na macho ya ajabu akaingia jeshini. Mmoja alikuwa na kila kitu ila alipenda kufunga, na beki anayependa kufunga ni kama mlinzi anayependa kusafiri. Mmoja alioa, mkewe akawa mpishi hodari, nikampoteza polepole, kilo kwa kilo. Kila mmoja nilimtazama msimu mzima, na kila mmoja nilimzika moyoni kabla hajaondoka. Hamtaamini, lakini kazi hii hulemaza kifua kabla ya magoti.

Kisha akaja Nasir.

Alikuwa mwanafunzi wa uhandisi, anakaa Al Khoudh na familia yake, watu wa kwetu, waliotoka Unguja kama sisi. Alikuja mazoezini akimfuata ami yake Khalfan, aliyekuwa beki wetu wa kati kwa miaka na nahodha wetu. Baba yake Nasir alifariki mtoto akiwa mdogo. Khalfan, mdogo wa marehemu, ndiye aliyemlea, akampeleka skuli, akamnunulia viatu vyake vya kwanza vya mpira. Nilimwona Nasir akigeuza shingo kushoto na kulia kabla ya mtu yeyote kumfundisha, nikaitia filimbi mfukoni nimtazame.

Nikawaweka pamoja katikati, ami na mtoto wa ndugu yake. Khalfan alikuwa na kichwa cha chuma na moyo wa simba, lakini miguu ilikuwa imeanza kumuaga. Nasir alikuwa na macho. Niliona macho yatailinda miguu: Nasir ataona hatari mapema, atamwambia ami yake pa kusimama, na Khalfan ataishi msimu mwingine. Kwa mabeki wa pembeni Nasir alikuwa akifoka kama kondakta. "Hamadi, panda. Hamadi, umelala? Kushoto kwako." Na kwa ami yake, mpira unakuja, mshambuliaji anakimbia, nikamsikia kwa masikio yangu akisema, "Ami, samahani, sogea mbele kidogo."

Alipofika kwenye "kidogo" tulikuwa tumeshafungwa.

Nilisimamisha mazoezi. Nikamwambia, "Nasir, mwite Khalfan."

"Nimemwita, Kocha."

"Umemwandikia barua. Mwite kwa jina. Khalfan, basi."

Nasir akatazama viatu vyake. Hamadi akadakia, "Mwite mzee wa watu, yakhe, anasubiri," wenzake wakacheka, na Nasir akawa mwekundu masikio. Hakuita. Kila siku kabla ya mazoezi alikuwa akimwendea Khalfan, anasema shikamoo, anambusu mkono. Nilikuwa nikimtaka aivue heshima ile kwa mlio mmoja wa filimbi na aivae tena kwa mlio mwingine.

Habari ikafika nyumbani. Siku ya pili nikaitwa Al Khoudh na Bi Aziza, mama yake Khalfan, bibi yake Nasir. Nilimkuta amekaa sebuleni na kanga yake begani, kahawa iko tayari. Khalfan alikuwa pembeni, anatazama zulia.

"Karibu, mwana wa Zuwena," akaniambia kwa jina la mama yangu. "Kula halua kwanza, maana nikishasema hutaweza kumeza."

Nikala.

"Nnasikia unamfundisha mjukuu wangu kumwita ami yake kama anavyoitwa muuza samaki."

"Ni mchezoni tu, Bi Aziza."

"Mchezoni. Na adabu inavuliwa mlangoni, pamoja na viatu?"

"Hata Wajapani walikuwa na adabu kama hizi zetu, wakaona kwamba uwanjani..."

"Wajapani wana mama zao."

Nikanywa kahawa. Nikapendekeza kwamba basi, kwa kulinda heshima, Nasir amwite kwa namba ya jezi. Aseme "Nne."

"Mwanangu yuko jela?" akauliza Bi Aziza.

Khalfan alikuwa amejaza halua mdomoni, mabega yanatikisika. Nilipotoka alinisindikiza hadi garini, na huko nje hakucheka tena. "Yule mtoto ndiye, Kocha," akaniambia. "Nnamjua tangu anatambaa. Akikosa kwa sababu yangu, sitajisamehe. Niachie mimi."

Ijumaa asubuhi tukaenda ufukweni Yiti watu watatu, kukimbia mchangani kama nilivyozoea kuwapeleka mabeki. Baada ya kukimbia Khalfan akamsimamisha Nasir mbele yake.

"Niite."

"Ami Khalfan."

"Mpira umeshaingia. Tena."

"Khalfan," akasema Nasir, na kabla pumzi haijamwisha, "Ami."

"Bao la pili. Utapungua nini, mwanangu? Au mimi ntapungua nini? Nnakupa ruhusa, Kocha shahidi."

"Ruhusa nnayo, Ami. Sauti ndiyo sina."

Walikaa hivyo mpaka jua likawa kali, mtu mzima anaomba atajwe jina na kijana anakataa kwa mapenzi. Mwishowe Nasir akageuka, akaelekea milima asimwone, akasema, "Khalfan, panda." Alisema kwa sauti ya mtu anayesoma kaburini.

"Vizuri sana," akasema Khalfan. "Kaa wote wa pwani wamesikia."

Tulicheka njia nzima ya kurudi. Nakumbuka kicheko kile kwa sababu hakikurudi.

Mechi ya mwisho ya msimu tulicheza nyumbani, na mteuzi wa timu ya taifa ya hapa alikuja kumtazama Nasir. Alikaa chini ya kivuli cha turubai na miwani yake ya jua, na sote tulijua amekuja kutazama nini. Wanataka beki wa kati wa kuongoza safu, nilikuwa nimeambiwa, mwenye macho na mwenye sauti. Wakimchukua atasimama siku moja mbele ya Wajapani wenyewe, na mimi nitakaa nyumbani nimtazame kwa kipande cha boksi.

Kwenye majukwaa walikuwepo watu wetu wale wale, wazee wa Kizanzibari wenye kofia zao, vijana wa mtaani, watani wote. Kipindi cha kwanza kilikwenda salama. Nasir alikuwa anafoka kwa Hamadi na kunyamaza kwa Khalfan, na kulifunika pengo kwa miguu yake mwenyewe, anakimbia mara mbili. Mteuzi alimtazama, akatazama simu yake.

Kipindi cha pili, tukiwa sare, winga wao aliinua kichwa na kupiga mpira mrefu pembeni, nyuma ya Khalfan. Mshambuliaji wao alikuwa kijana mwenye kasi. Khalfan akageuka kumfukuza. Kila mtu uwanjani aliuona mpira. Mimi nilimwona Nasir. Aliona kwamba Khalfan hatamfikia yule kijana, na kwamba akiondoka, katikati patabaki wazi na mpira utarudishwa hapo hapo. Niliona kifua chake kinajaa.

"Khalfan. Acha. Huwezi tena. Rudi kati."

Si kelele. Ilikuwa sauti tupu iliyokata kiwanja kama kisu kinavyokata kitambaa kilichonyooshwa, na ilisikika mpaka juu kwa wazee. Khalfan akaacha papo hapo. Akarudi kati. Nasir akamwendea mshambuliaji, akamsukumia pembeni kwa hatua zile fupi fupi, na kijana yule, hana njia, akaupiga mpira ndani, na ndani alikuwepo Khalfan, akauondosha kwa kichwa. Hakuna Mjapani ambaye angelifanya vizuri zaidi. Nilisimama kwenye benchi nikalia, na siwaonei haya kukwambieni.

Halafu jukwaa likaanza.

Mnawajua watu wetu. Hawakuwa na ubaya wowote. Mzee mmoja alirudia tu, kwa kicheko, "Khalfan, acha, huwezi tena," na aliyekaa karibu naye akapokea, na dakika si nyingi jukwaa zima lilikuwa linaimba, kwa makofi, kwa mahadhi ya harusini. Kila Khalfan alipogusa mpira: huwezi tena, huwezi tena. Walikuwa wanampenda. Walimtania kama anavyotaniwa mtu wa nyumbani. Khalfan akawapungia mkono. Na Nasir, jioni nzima iliyobaki, aliendelea kumwamrisha kwa jina tupu, kwa sababu mlango ulikuwa umeshavunjika na hakukuwa na la kuufungia, na Khalfan akatii kila amri kwa wakati wake. Hatukufungwa. Mteuzi alikuwa ameiweka simu mfukoni.

Katika chumba cha kuvalia Nasir alipiga magoti mbele ya ami yake, mbele ya wote. Khalfan akamwinua. "Ulisema vizuri, na ulisema mapema," akamwambia. "Ndiyo kazi." Akamkumbatia.

Baadaye, mimi na Khalfan tukiwa tumeegemea gari lake, aliniambia mengine. "Nimetukanwa na mashabiki, nimetukanwa na marefa, mama yangu ndiyo usiseme. Hayaumi hayo. Yule hakunitukana, Kocha. Yule amesema kweli."

Wimbo ukamfuata. Msikitini baada ya sala, mtu akimwona anainama kutafuta kiatu: acha Khalfan, huwezi tena. Dukani akibeba gunia la mchele. Kwenye harusi ya binamu yake, wanawake waliupigia ngoma. Akacheka kila mara, kwa sababu asiyecheka kwetu ndiye anayeongezewa. Na karibu kila mara Nasir alikuwa kando yake, anasikia maneno yake mwenyewe yakirudi kutoka midomo ya watu. Msimu mpya ulipoanza Khalfan alileta jezi yake imefuliwa na kupigwa pasi, akasema anaacha kwa ajili ya magoti.

Nasir aliitwa kambi ya taifa. Familia ilichinja. Nilimpeleka mimi mwenyewe, na njiani alinijibu kila nilichomuuliza kwa adabu, bila kuongeza neno. Kambi haikwisha akarudi. Walinipigia simu kwa upole, hawakuwa na kosa lolote. Kijana mzuri mno, wakasema, anaona kama hakuna mwingine. Lakini haongei. Wamemwambia, wamemwomba, wamemweka na wachezaji wadogo kuliko yeye, bado haongei. Walishangaa kwa sababu mteuzi aliapa kwamba aliyemsikia kule Wattaya ni huyu huyu.

Kwetu pia hakuongea tena, hata kwa Hamadi. Alicheza nusu msimu kimya, anaona kila kitu, anakimbia kufunika kila kitu, mpaka mwili ukakataa. Akamaliza masomo, akapata kazi, akaacha mpira bila kuaga. Mimi niliendelea kupanga koni. Nilifundisha shingo na mabega na hatua fupi, na nilipofika kwenye sauti nilikuwa nafupisha somo.

Wiki iliyopita walikuja kunipongeza kwa kustaafu, Nasir na ami yake, na sahani ya vibibi vya nazi kutoka kwa Bi Aziza. Khalfan ameongezeka mwili, ndevu zimekuwa nyeupe. Tulizungumza mambo ya watu, nani mgonjwa, nani kaoza binti. Khalfan akatangulia kwenda kuligeuza gari, kwa kuwa njia ya mbele ya nyumba yangu ni nyembamba, na mimi na Nasir tukabaki mlangoni tunatafuta viatu.

Nilimuuliza. Nilikuwa nimejizuia miaka yote, na kazi ilikuwa imekwisha.

"Jioni ile ikirudi, Nasir. Mpira ule ule."

Hakuuliza jioni gani. "Ningenyamaza, Kocha."

"Lingeingia bao."

"Liingie."

Akavaa viatu. Nimekuandikieni yote ninayoyajua juu ya mabeki wa Japani, na ni kweli tupu, mtu akiyashika yote atakuwa beki mkubwa. Sijui tena kama nakuombeeni mumpate.

Pale nje Khalfan alikuwa anarudisha gari kinyumenyume, shingo haigeuki vizuri, na nyuma yake kuna nguzo ya chuma ya geti la jirani. Nasir alikuwa ameshatoka, amesimama hatua chache tu kutoka kwenye gari. Aliiona nguzo kabla yangu. Nilimwona akiiona, akipima gari na pembe na nafasi iliyobaki, macho yale yale. Kifua kikajaa, kikatulia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimefungua mdomo nikachelewa, kwa kuwa nilikuwa namtazama yeye. Bamba la nyuma likaingia kwenye nguzo kwa sauti ya kopo linalokanyagwa.

Khalfan akashuka, akazunguka nyuma, akatazama, akashika kiuno.

"Ulikuwa umesimama hapo hapo," akasema. "Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani umeona, Ami," akasema Nasir, akamfungulia mlango.